Howie Meeker, Mwalimu wa Magongo ya Barafuni

Katika Kiswahili mtu anayefundisha timu ya mpira huitwa mwalimu, jina lile lile analoitwa anayefundisha watoto kusoma. Lugha nyingine hutenga kazi hizo mbili kwa majina mawili, na kwa sababu hiyo huweza kumsifu mtu katika moja na kumlaumu katika nyingine bila ya kuona kwamba huenda zote ni kazi moja. Maisha ya Howard William Meeker, ambaye watu wa Kanada walimwita Howie, yalipita katika ufa huo. Alicheza magongo ya barafuni kwa heshima. Aliiongoza timu kubwa kwa msimu mmoja, akashindwa. Kisha akakaa mbele ya kioo cha televisheni kwa robo karne na zaidi, akiwaambia watu wake kwamba mchezo waliojivunia kuliko wote hawakuwa wakiujua sawasawa. Kazi hii ya mwisho ndiyo iliyomtia katika historia.

Yafaa kwanza kuueleza mchezo wenyewe, kwa kuwa wasomaji wengi wa Afrika ya Mashariki waujua mpira wa magongo wa majanini tu, ule ambao Kenya iliupeleka katika michezo ya Olimpiki kuanzia mwaka 1956. Huu wa barafuni ni ndugu yake, lakini ni ndugu mwenye tabia nyingine. Uwanja wake katika Amerika ya Kaskazini una urefu wa futi 200 na upana wa futi 85, nao umezungushiwa ukuta wa mbao, hivyo hakuna kutoka nje kwa urahisi. Wachezaji huvaa viatu vyenye makali ya chuma chini yake, wakateleza kwa mwendo wa kasi kubwa. Badala ya mpira wa duara hugombea kisahani cha mpira mgumu, kipana inchi 3 na kinene inchi 1, ambacho hugandishwa kabla ya mchezo ili kisirukeruke. Kila upande huwa na watu 6 uwanjani, mmoja wao akiwa mlinda lango. Kwa vile mbio hizo huchosha upesi, wachezaji hubadilishana kila baada ya muda mfupi, dakika moja au pungufu, na mabadiliko hayo hufanyika mchezo ukiendelea. Mechi ina vipindi 3 vya dakika 20, na katikati yake mna mapumziko 2. Msomaji na ayakumbuke mapumziko hayo, maana yatarudi katika habari hii.

Mechi ya kwanza ya kupangwa ndani ya nyumba ilichezwa Montreal tarehe 3 Machi 1875. Mwaka 1892 Gavana Mkuu wa Kanada, Lord Stanley, alitoa kikombe cha fedha kishindaniwe, na ligi kuu, ambayo ilikuja kuwa na timu za Marekani pia, iliundwa mwaka 1917. Lakini tarehe hizi hazielezi jambo lililo kubwa. Katika nchi ambayo maziwa na mabwawa huganda kwa miezi mingi, mtoto hupewa viatu vya kutelezea kama mtoto wa pwani apewavyo kasia. Mkanada hakuuona mchezo huu kuwa kitu alichofundishwa. Aliuona kuwa ni wake wa kuzaliwa nao. Wanafunzi wa Kiswahili wanaifahamu hali ya namna hiyo: mwenye lugha ndiye wa mwisho kukubali kwamba lugha yake yahitaji darasa.

Meeker alizaliwa tarehe 4 Novemba 1923 katika mji wa Kitchener, jimbo la Ontario, mji uliokuwa ukiitwa Berlin mpaka mwaka 1916, ambapo vita na Ujerumani viliwafanya wenyeji kulibadili jina lake. Katika mwaka huo huo wa 1923 sauti za kwanza za watangazaji wa mchezo huu zilisikika katika redio, na mmojawapo alikuwa Foster Hewitt wa Toronto, ambaye jina lake litakutana tena na la Meeker baada ya miaka 75. Kijana huyu alicheza katika timu za vijana za sehemu alikokulia mpaka vita vya pili vya dunia vilipomwita. Aliingia jeshini, akapelekwa Uingereza, na huko katika mazoezi bomu la kutupwa kwa mkono lililipuka karibu na miguu yake. Majeraha yalikuwa mabaya, na ilidhaniwa kwamba hatacheza tena. Akapona. Habari hiyo huelezwa mara nyingi kana kwamba ni muujiza, lakini hapana budi kuitazama kwa upande mwingine pia: mtu aliyelazimika kujifunza upya kuitumia miguu yake hawezi tena kudhani kwamba kuteleza ni jambo la kuzaliwa nalo.

Mwaka 1946 aliingia katika Toronto Maple Leafs, timu iliyokuwa chini ya Conn Smythe, mtu mkali aliyependa nidhamu ya kijeshi. Ligi wakati huo ilikuwa na timu 6 tu, na nafasi zilikuwa chache hata mchezaji mzuri aliweza kukaa maisha yake yote mlangoni bila ya kuitwa ndani. Meeker hakuwa mtu wa kimo kikubwa. Aliwekwa upande wa kulia, pamoja na Ted Kennedy katikati na Vic Lynn kushoto. Tarehe 8 Januari 1947, katika mechi na Chicago, alifunga mabao 5, jambo ambalo mgeni katika ligi hakuwa na desturi ya kulifanya. Msimu ulipokwisha alikuwa na mabao 27, akapewa zawadi ya Calder, ambayo ni ya mchezaji mpya aliye bora kuliko wenzake. Miongoni mwa wageni wa msimu huo alikuwamo kijana mmoja wa Detroit aliyefunga mabao 7 tu. Kijana huyo alikuwa Gordie Howe, ambaye baadaye alifikisha mabao 801 katika ligi hiyo na kuhesabiwa pamoja na wakubwa wa mchezo wote. Meeker hakufunga tena mabao 27 katika msimu wowote. Jumla yake katika mechi 346 ilikuwa 83.

Walakini timu yake ilishinda. Toronto ilichukua Kombe la Stanley mwaka 1947, 1948 na 1949, ikawa timu ya kwanza ya ligi hiyo kulichukua mara 3 mfululizo, kisha ikalichukua tena mwaka 1951. Fainali ya mwaka huo wa mwisho haina nyingine mfano wake. Toronto na Montreal zilicheza mechi 5, na zote 5 zilikwenda katika muda wa nyongeza. Usiku wa tarehe 21 Aprili 1951 Toronto ilikuwa nyuma kwa bao moja, ikasawazisha zikiwa zimesalia sekunde 32, na hivyo ikapatikana nafasi ya kuendelea. Katika dakika ya tatu ya muda wa nyongeza Meeker alikifukuza kisahani nyuma ya lango la Montreal, akakipigania na kukirudisha mbele. Kutoka huko kikamfikia Bill Barilko, mlinzi ambaye kazi yake haikuwa kufunga, naye akajitupa mbele kama mtu anayeanguka na kukipiga juu ya mlinda lango. Picha ya Barilko akiwa hewani yajulikana na kila Mkanada. Meeker yumo katika orodha ya waliotoa pasi, yaani katika mstari wa pili, ambao watu huusoma kwa haraka. Barilko hakucheza tena baada ya bao lile. Mwezi wa Agosti wa mwaka ule ule aliondoka kwa ndege ndogo kwenda kuvua samaki kaskazini, ndege ikapotea msituni, na mabaki yake hayakuonekana mpaka mwezi wa Juni 1962, majuma machache baada ya Toronto kulitwaa kombe kwa mara ya kwanza tangu apotee.

Katika mwezi wa Juni 1951, miezi miwili baada ya fainali ile, Meeker aligombea uchaguzi mdogo wa jimbo la Waterloo Kusini kwa chama cha Progressive Conservative, akashinda. Alikuwa na umri wa miaka 27. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa mbunge na mchezaji kwa wakati mmoja, akisafiri baina ya Ottawa na viwanja vya barafu. Mwaka 1953 hakugombea tena. Hapana sababu ya kuikuza sehemu hii ya maisha yake. Bunge lilimpata mtu maarufu, naye alipata kujua kwamba kazi ya Bunge haikuwa yake. Majeraha nayo yalikuwa yakimsumbua, na kufikia mwaka 1954 uchezaji wake katika ligi kuu ulikuwa umekwisha.

Alipopewa timu ya kufundisha alianza vizuri. Pittsburgh Hornets, timu ya ligi ya chini iliyokuwa ikiwalea wachezaji wa Toronto, ilishinda kombe la ligi yake mwaka 1955 akiwa mwalimu wao. Kwa ushindi huo aliitwa Toronto kuiongoza timu kubwa katika msimu wa 1956-57, akiwa na umri wa miaka 32 na miezi michache, umri ambao baadhi ya wachezaji wake walikuwa nao au wakaukaribia. Matokeo yalikuwa ushindi mara 21, kushindwa mara 34 na sare mara 15. Timu ilimaliza ya tano katika timu 6, ikakosa mashindano ya kombe. Baada ya hapo alipandishwa cheo akawa meneja mkuu, na kabla hata msimu mpya haujaanza akaondolewa. Wenye timu walikuwa wakibadili uongozi wao wakati huo, na mtu aliyesimama katikati ya mabadiliko hayo hakuwa na ngao.

Wako wasemao kwamba Meeker alionewa, kwa kuwa timu aliyopewa ilikuwa changa na dhaifu, na kwamba Montreal ya miaka ile, iliyochukua kombe mara 5 mfululizo kuanzia mwaka 1956, isingeshindwa na mwalimu yeyote. Hoja hiyo ina ukweli. Hata hivyo Punch Imlach aliishika Toronto mwaka 1958, akalichukua kombe mara 4 kabla ya mwaka 1967 kwisha. Tofauti ya watu hawa wawili yasaidia kumfahamu Meeker. Imlach alikuwa mtu wa kuwatumia watu kama walivyo: mzee alimpa kazi ya mzee, kijana kazi ya kijana, akawasukuma mpaka wakatoa walichokuwa nacho. Meeker alitaka kumrekebisha mtu. Lakini mechi ya magongo haimngoji mrekebishaji. Kosa hutokea katika nusu ya sekunde, bao hufungwa, mchezo waendelea, na mwalimu aliye nyuma ya ukuta hana njia ya kuusimamisha wakati na kusema: tazama, mguu wako ulikuwa pale. Kwa mtu mwenye akili ya namna yake, benchi la timu kubwa lilikuwa darasa lisilokuwa na ubao.

Mwaka 1958 alihamia St. John's, katika kisiwa cha Newfoundland. Yafaa kukumbuka kwamba Newfoundland iliingia katika Kanada mwaka 1949 tu, nayo ilikuwa mbali na viwanja vikubwa vya ligi kwa maana zote mbili za neno mbali. Mtu aliyekuwa bingwa mara 4 na mbunge wa Ottawa akaenda kuishi pembeni mwa nchi, huko akicheza na timu ya mji, akiwafundisha wakubwa na kusimamia mchezo wa watoto. Waandishi wengi huipita miaka hiyo kwa sentensi moja. Hapana shaka wamekosea, kwa sababu ndiyo iliyomfanya kuwa alivyokuwa. Huko hakuwa na wachezaji waliochaguliwa kutoka nchi nzima. Alikuwa na watoto wa wavuvi na wa makarani, wengine hawajui hata kusimama katika viatu, na kwa mtoto wa namna hiyo haiwezekani kudhani kitu. Lazima uyavunje mambo vipande vipande: jinsi ya kukunja goti, jinsi ya kusimama ghafula, jinsi ya kushika gongo kwa mkono wa juu ili wa chini uwe huru, jinsi ya kukichukua kisahani macho yakiwa mbele na si chini. Mtu aliyewahi kumfundisha mtoto herufi baada ya yeye mwenyewe kusoma kwa miaka ishirini ajua jinsi jambo rahisi linavyokuwa gumu linapotakiwa kuelezwa.

Mwishoni mwa miaka ya sitini televisheni ya taifa ilimwita kuwa mchambuzi katika matangazo ya Jumamosi usiku yaitwayo Hockey Night in Canada. Matangazo haya yalianza katika televisheni mwaka 1952, wakati Meeker mwenyewe akiwa bado uwanjani, na kwa familia nyingi za Kanada yalikuwa kama ibada ya juma. Yale mapumziko mawili yalihitaji kujazwa, na desturi ilikuwa kumleta mchezaji wa zamani aseme maneno ya heshima, amsifu huyu na amtakie heri yule. Meeker hakuwa na heshima ya aina hiyo. Alikuwa na sauti nyembamba ya juu iliyopasuka alipokasirika, na alikasirika mara kwa mara. Hakutumia matusi; alikuwa na vijineno vya mshangao vya kizamani, vya namna bibi angeweza kuvitumia jikoni, na watoto waliviiga mashuleni. Mbele yake iliwekwa picha ya mchezo uliokwisha chezwa, naye alipewa kalamu ya umeme ya kuchora juu ya kioo. Hapo ndipo alipopata ubao alioukosa Toronto. “Simamisha hapo hapo!” alimwamuru fundi wa picha. “Rudisha nyuma!” Na wakati, ambao haukumtii hata siku moja alipokuwa kwenye benchi, ukamtii.

Namna yake ya kutazama bao ilikuwa mpya kwa watazamaji. Mtangazaji wa kawaida huanza na mfungaji. Meeker alirudi nyuma ya mfungaji, akarudi nyuma ya aliyempa pasi, mpaka akamfikia mlinzi aliyekuwa akitazama kisahani badala ya kumtazama mtu, au mchezaji wa mbele aliyechoka akarudi kwa uvivu. Akamzungushia duara. Bao, kwa maelezo yake, lilikuwa limefungwa sekunde kumi kabla ya kufungwa, na aliyelifanya alikuwa mtu ambaye hakuna aliyemwona. Huenda si bahati kwamba fikira hiyo ilitoka kwa mtu aliyekuwa nyuma ya lango la Montreal usiku ule wa 1951. Kuwataja wachezaji mashuhuri kwa majina na kuwaonyesha makosa yao mbele ya taifa hakukuwapendeza wote. Wapo waliomwona kuwa ni mtu wa makelele, na kwa kweli alikuwa na kasoro hiyo. Ukali wake mara nyingine haukupima uzito wa kosa.

Shutuma yake kubwa, hata hivyo, haikuwa juu ya mchezaji huyu au yule. Ilikuwa juu ya malezi. Alidai kwamba Kanada iliwapa watoto mechi nyingi mno na mazoezi machache mno, kwa sababu wazazi na wenye vilabu walitaka vikombe. Ni hesabu rahisi. Katika mechi nzima mtoto mmoja hukigusa kisahani kwa muda mfupi sana, pengine sekunde chache, na muda uliosalia huteleza huku na huku au hukaa benchini. Katika saa moja ya mazoezi yaliyopangwa vizuri kila mtoto aweza kukichukua mara mia. Nchi iliyojiita mama wa mchezo ilikuwa ikiwachagua watoto wenye nguvu na kuwaacha wenye ustadi. Ligi nayo ilikuwa imekua kutoka timu 6 hadi 12 mwaka 1967, ikafika 18 mwaka 1974, na nafasi hizo mpya zilijazwa kwa watu ambao zamani wasingeitwa. Wengine walifidia upungufu wa ufundi kwa ngumi. Philadelphia ilichukua kombe mwaka 1974 na 1975 kwa mchezo ambao wapinzani waliuogopa kwa ukali wake kama walivyouogopa kwa uhodari wake.

Maneno ya Meeker yangaliweza kupita kama malalamiko ya mzee, lau si Warusi. Muungano wa Kisovyeti ulianza kuucheza mchezo huu kwa utaratibu mwaka 1946 tu, na mwaka 1954 ulipokwenda kwa mara ya kwanza katika mashindano ya dunia uliishinda Kanada 7 kwa 2. Wakanada walijifariji kwamba timu waliyoipeleka ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa, na kwamba wenye kulipwa wangewafundisha Warusi adabu. Mwezi wa Septemba 1972 walipata nafasi ya kuonyesha. Zilipangwa mechi 8, nne Kanada na nne Moscow. Ya kwanza, Montreal, tarehe 2 Septemba, Warusi walishinda 7 kwa 3, na nchi nzima ilinyamaza. Mwishowe Kanada ilishinda mechi 4, ikashindwa 3 na kutoka sare 1, kwa bao la Paul Henderson lililofungwa katika mechi ya nane zikiwa zimebaki sekunde 34. Nchi ilisherehekea. Lakini kila aliyekuwa na macho aliona kwamba Warusi walipitisha kisahani, wakateleza na kujipanga kwa namna ambayo Kanada haikuwafundisha watoto wake.

Au tuseme iliyokataa kuwafundisha, maana habari hii ina uchungu zaidi. Mwaka 1951 Mkanada mmoja, Lloyd Percival, alitoa kitabu cha mafundisho ya mchezo huu kilichoeleza mazoezi, pumzi, kuteleza na mipango ya timu kwa utaratibu wa kisayansi. Wakubwa wa ligi walikidharau. Anatoly Tarasov, aliyeijenga timu ya Kisovyeti, alikisoma, na baadaye akakiri ni kiasi gani alifaidika nacho. Kwa hiyo walichokiona watu wa Montreal tarehe 2 Septemba kilikuwa, kwa sehemu, somo la Kikanada lililorudi nyumbani kwa njia ya Moscow.

Baada ya mwaka huo masikio yalifunguka kidogo. Mwaka 1973 Meeker alitoa kitabu chake cha misingi ya mchezo, na katika mwaka huo huo televisheni ya taifa ilianza kuonyesha vipindi vyake vya dakika 15, vilivyofanywa St. John's na watoto wa huko huko. Viliendelea mpaka mwaka 1977. Havikuwa na mashujaa wala mabao ya ajabu. Meeker mwenyewe alikuwa barafuni kati ya watoto, akipiga kelele, akishika gongo la mmoja na kulikata kwa maneno kuwa ni refu mno, akimwonyesha mwingine jinsi uzito wa mwili uhamavyo kutoka mguu hadi mguu. Watoto wa nchi nzima walivitazama, kisha wakatoka nje kwenda kujaribu. Katika historia ya elimu kwa njia ya televisheni ni vipindi vichache vilivyokuwa na bahati ya namna hiyo, kwamba mwanafunzi aweza kutoka mlangoni na kukuta darasa limeganda tayari.

Kipimo cha mafanikio yake ni kigumu kukitoa. Kanada haikubadilika upesi. Mwaka 1981, katika fainali ya mashindano iliyoyaandaa yenyewe, ilishindwa na Warusi 8 kwa 1. Mwaka 1998 timu yake ya vijana ilimaliza ya nane duniani, na timu ya wakubwa ilirudi kutoka Olimpiki ya Nagano bila ya medali. Mwaka uliofuata, 1999, mkutano mkubwa uliitishwa Toronto kutafuta dawa, Wayne Gretzky akiwa mmoja wa waliouongoza, na miongoni mwa mashauri yaliyotolewa lilikuwamo la kuzidisha mazoezi ya watoto juu ya mechi zao. Meeker alikuwa amelisema hilo kwa miaka 30, na alikuwa amestaafu mwaka mmoja tu kabla ya mkutano.

Yeye aliondoka katika matangazo ya Jumamosi mwaka 1987 na kuhamia kituo kingine cha televisheni mpaka mwaka 1998. Kufikia wakati huo sauti iliyotawala mapumziko ya Jumamosi ilikuwa ya Don Cherry, mwalimu wa zamani wa Boston, ambaye naye alikuwa mchezaji, ijapokuwa katika ligi kuu alicheza mechi moja tu. Watu hawa wawili walikuwa na kelele sawasawa na walipita njia moja kutoka barafuni mpaka studioni, lakini walichokisema kilikwenda pande mbili. Cherry aliwaambia watazamaji kwamba mchezo wa Kanada, pamoja na ngumi zake, ulikuwa bora kwa kuwa ni wa Kanada. Alipendwa kuliko Meeker, na alidumu katika kiti chake mpaka Novemba 2019, alipoondolewa kwa maneno aliyoyasema juu ya wahamiaji. Si ajabu kwamba alipendwa zaidi. Mwenye kusifu nyumba yako hukaribishwa chakula mapema kuliko mwenye kukuonyesha ufa wa ukuta.

Mwaka 1998 Meeker alipewa tuzo ya watangazaji yenye jina la Foster Hewitt, ile ambayo Jumba la Mashujaa la mchezo huu huwapa waliotukuka katika kazi ya sauti. Kama mchezaji hakuingizwa katika jumba hilo, wala kama mwalimu wa timu. Alikuwa akiishi Kisiwa cha Vancouver, upande wa pili kabisa wa nchi kutoka Newfoundland, na katika uzee wake alifanya kazi nyingi ya kuchangia michezo ya watu wenye ulemavu wa akili. Mwaka 2010 alipewa nishani ya taifa. Alifariki Nanaimo tarehe 8 Novemba 2020, siku 4 baada ya kutimiza miaka 97. Katika magazeti ya siku zile watu wazima, wengi wao wasiowahi kucheza katika timu yoyote ya maana, walikumbuka jinsi walivyokuwa watoto, usiku, mbele ya televisheni, wakimsikia akimwamuru mtu asiyeonekana arudishe picha nyuma.